Wauza SSD za PS4 mjini Arusha, acheni kutuibia mchana kweupe!

Wakuu, heshima mbele. Nina hasira na sitazunguka: kuna maduka ya vifaa vya kompyuta hapa mjini yanauza SSD (diski za kuhifadhia data zenye kasi kuliko hard disk) feki, na wenyewe wanajua fika kuwa ni feki.

Mdogo wangu ana banda la gemu huku Ngarenaro. PS4 zake ni zile za zamani zenye hard disk ya GB 500. Vijana wanalipa kwa mechi, gemu ikichelewa kufunguka hela inapotea. Akajichanga, tukanunua SSD ya inchi 2.5, imeandikwa TB 1 (yaani GB 1,000), kwa laki moja na ishirini. Tukamwomba muuzaji aipime kwenye kompyuta yake palepale. Akakataa, eti mzigo unatoka kila siku na hakuna aliyewahi kurudi.

Tukafunga, tukaingiza mfumo upya kwa flashi, PS4 ikaisoma vizuri tu. Gemu mbili za mwanzo safi kabisa. Tulipozidi kujaza, zikaanza kuharibika moja baada ya nyingine, mwisho ikaja CE-34335-8, yaani mashine haiioni diski. Nikaichomeka kwenye laptopu, nikaipima kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa wa kweli wa diski: nafasi ya kweli haifiki hata GB 120! Wameichezea programu ya ndani idanganye ukubwa. Ukivuka nafasi halisi, unachoandika kinapotea au kinafuta cha zamani.

Nikafungua kava. Ndani kuna kibao kidogo kisichofika nusu ya kitambulisho, chipu moja ya memori, na kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi ili ukiishika uhisi uzito. Mtu amekaa akabandika chuma! Hiyo si bahati mbaya, huo ni wizi.

Na msiniambie rahisi ni ghali. Kama ni GB 120, andika GB 120 uuze kwa bei yake, tutanunua. Mwenye hela ndogo naye ana haki ya kuambiwa ukweli. GTA V peke yake inakaribia GB 100, hebu piga hesabu ya bando la kushusha kila kitu upya.

Tuliporudi dukani tukaonyeshwa bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) hawakutoa, tulipewa kikaratasi cha mkono kimeandikwa "SSD 1". Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na bango la ukutani haliifuti. Malalamiko tunayapeleka Tume ya Ushindani, na kile kibao na kile chuma vinakwenda navyo.

Wenye PS5 nanyi kuweni macho. Jirani yetu kauziwa SSD ya M.2 (ile nyembamba kama kijiti) ya SATA, aina ya zamani ya kasi ndogo, akiambiwa "ni ya PS5". PS5 inataka NVMe, aina ya kasi kubwa, ya PCIe Gen4, Sony wenyewe wanapendekeza kasi ya kusoma ya MB 5,500 kwa sekunde, tena na kipoza joto. SATA haiisomi kabisa. Nyingi za SATA zina mapengo mawili kwenye meno, angalieni hapo kabla hamjatoa hela.

Sasa naomba msaada: nani Arusha au Moshi anauza SSD za PS4, anakubali kuzipima mbele ya mteja mpaka zijae, na anaandika modeli na ukubwa kwenye risiti? Weka bei hapa chini, tunahitaji mbili wiki hii.