Kisu cha kukunja kinachodumu na kukata vizuri: Opinel, Victorinox au Spyderco?

Mchongavijiti
Wakuu, naomba mawazo yenu. Kisu changu cha mfukoni ni kizito, bapa nene kama la shoka, na jina la kampuni naliacha. Karoti hakiikati, kinaipasua. Makali yanaingia hadi nusu, halafu kah! kipande kinarukia sakafuni. Na msiseme ni butu, jana nimenyolea nacho vinyweleo vya mkono.

Kazi zangu ni za kawaida: kufungua maboksi, kukata kamba, kumenya matunda, kuchonga vijiti nikiwa sina la kufanya. Nataka kitu cha kukaa nacho miaka. Nimechuja nikabaki na vitatu: Opinel namba 8, Victorinox Pioneer na Spyderco Delica. Kinachonichanganya ni watu kutaja aina za chuma, VG-10, S30V, 12C27, kama wanataja wachezaji wa timu yao. Hivi vyuma ndivyo vinavyokata?

Kinoo
Mkuu, jibu umeshalitoa mwenyewe. Kisu kinachonyoa vinyweleo halafu kinapasua karoti hakina ubovu kwenye makali, ubovu uko nyuma ya makali. Kazi ya makali ni kufungua mlango tu. Anayepita mlangoni ni bapa, na bapa likiwa na tumbo, karoti itapasuka hata ukinoa mpaka kesho. Hiyo uliyonayo ni kabari yenye mpini.

Kigeuze kisu, makali yakutazame, uone bapa linavyonenepa kuelekea mgongoni. Opinel namba 8 haifiki milimita 2 mgongoni, na inashuka taratibu mpaka kwenye makali. Delica ina kama milimita 2.5, nayo imechongwa bapa lote kutoka mgongoni, kwa hiyo inapita vizuri. Pioneer pia ni nyembamba. Kwenye karoti, vyote vitatu vitakufuta machozi, ila Opinel iko mbele.

Chuma kinaamua makali yatakaa muda gani kabla ya kurudi kwenye kinoo. Kisu kitaingiaje kwenye kitu, hilo ni umbo.

Fundi Turubai
Kinoo nakubaliana na wewe kwenye karoti, kwenye maboksi napinga. Boksi linakula makali kama msasa. Ukikata mawili kwa wiki hutaona tofauti, ukikata kutwa nzima utaiona kabla ya mchana. Chuma cha Victorinox ni laini kidogo, kama 56 kwenye Rockwell, kipimo cha ugumu wa chuma. VG-10 ya Delica iko karibu 60. Hizo namba chache unazisikia mkononi jioni.

Ila laini nayo ina raha yake. Kisu cha Victorinox ukikosa kinoo, pindua kikombe cha kauri, pale chini kuna ukingo mkavu usiopakwa ule mng'ao. Pitisha bapa hapo mara kumi kila upande, umelilaza nyuzi 15 hadi 20, makali yamerudi. S30V usiijaribu hivyo. Ina chembe za vanadi ngumu kuliko mawe mengi ya kunolea, inataka almasi. Kuna Jumamosi yangu moja iliishia hapo na sitaki kuikumbuka.

DadaBustani
Mnaongelea makali tu, hakuna aliyetaja vidole. Pioneer haina loki. Bapa linashikwa wazi na springi peke yake, na ukikandamiza kuelekea upande wa mgongo linakunja. Kukata kawaida hakuna shida kwa sababu nguvu inaelekea kwenye makali, kisu kinazidi kujifungua. Hatari ni kuchokoa kwa ncha.

Mimi nilikuwa nafungua fundo la kamba iliyolowa, nikaingiza ncha katikati nikawa napekecha. Kisu cha aina hiyo hiyo, sitaji cha nani, kikanifungia kidole cha shahada. Sikusikia maumivu mpaka nilipoona kamba imebadilika rangi.

Opinel ina pete ya chuma shingoni inayoitwa Virobloc, ilibuniwa 1955. Unafungua bapa, unazungusha pete kwa kidole gumba, haliendi popote. Delica ina loki ya mgongoni, inajikaza yenyewe, ukitaka kufunga unabonyeza. Na lile tundu la duara kwenye bapa la Delica halikuwekwa kwa urembo. Nikiwa nimeshika tawi kwa mkono mmoja na nimevaa glavu, kisu kinafunguka. Opinel inataka mikono miwili na kucha.

Msafiri77
Kabla hujanunua angalia sheria ya unakoishi na unakopita. Loki inayomlinda DadaBustani ndiyo hiyo hiyo inayoweza kukuletea maswali. Uingereza, kwa mfano, kisu cha kukunja kisicho na loki chenye makali yasiyozidi inchi 3 unaruhusiwa kutembea nacho bila kutoa sababu. Chenye loki unatakiwa uwe na sababu ya maana. Na usikisahau kwenye begi la kuingia nalo ndani ya ndege, hapo hakuna cha Opinel wala Victorinox, vyote vinabaki kwa wakaguzi.

Mchongavijiti
Asanteni sana. Dada, pole. Kwetu loki haina tatizo, na baada ya kusoma hiyo habari ya kamba siitaki Pioneer tena. Naona naelekea Opinel, lakini kuna aina mbili, ya kaboni na ya chuma cha pua. Halafu ule mpini wa mti, si utaoza? Nimeambiwa kudumu ni Delica.

Kinoo
Ya kaboni inapata makali matamu upesi na inanoleka kirahisi, ila inataka mtu anayefuta kisu chake. Ukikata limau ukaiacha imelowa, bapa linageuka kijivu chenye buluu, mabaka mabaka. Hiyo si kutu, ni ngozi ya juu ya chuma, na wengine tunaipenda. Kutu ni ile nyekundu. Kama wewe ni mtu wa kukata embe, kukunja kisu na kutia mfukoni, chukua ya pua. Ni 12C27, chuma cha Sweden, kinakaa na makali vizuri tu.

Mti hauozi ovyo, unavimba. Ukiutumbukiza kwenye maji, ule mfereji wa bapa unabana, na kisu kinagoma kufunguka mpaka mti ukauke. Watu wa Savoie, kule Ufaransa kinakotoka tangu 1890, wana ufundi wao. Unalegeza pete, unakishika kisu kikiwa kimekunjwa, unagonga kisigino cha mpini kwenye meza, tok! Ncha inachomoza kiasi cha kushikika. Kabla ya yote hayo, paka mpini mafuta ya kitani na utoe kisu kwenye beseni la vyombo.

Mzee wa Ala
Nimetengeneza visu vya watu vingi. Kinachoua kisu mara nyingi si kukata. Ni kufungulia kopo la rangi, kukazia skrubu, kupekechua mlango. Kisu si bisibisi. Bapa jembamba unalolitaka ndilo la kwanza kukatika ncha ukilifanyia hivyo, na hapo usimlaumu aliyelitengeneza.

Cha pili ni uchafu. Fungua kisu cha mtu yeyote utazame kwenye pini: pamba za mfukoni, mchanga, utomvu wa chungwa uliogeuka gundi. Mswaki wa zamani, tone moja la mafuta, basi. Delica ukiisikia imelegea unakaza skrubu. Opinel pini yake imegongwa, hukazi kitu, lakini pia hakuna mengi ya kuharibika: bapa, mti, pini, pete. Mwenye kutaka kitu cha kukanyagwa na gari achukue Buck 110, kisu cha kukunja cha Marekani, kipo tangu 1964, shaba na mti. Ila kina kama gramu 200 na suruali italalia upande mmoja. Opinel yako ni kama 50.

Mchongavijiti
Narudi na majibu. Nimeazima Opinel namba 8 ya shemeji, ya chuma cha pua. Karoti ya kwanza nimekata polepole nikisubiri ile kah. Haikuja. Slesi zimelala moja juu ya nyingine kama sarafu, nyembamba hadi mwanga unapita. Mke wangu amekuja kuuliza kwa nini nimekata karoti zote.

Maboksi nimekata kumi na sita. Fundi Turubai una haki, kuanzia la kumi na mbili nilisikia linavuta. Nikapindua kikombe, nikapitisha, nikamaliza. Kwa kazi zangu inatosha, nachukua hii. Ningekuwa nashinda kwenye maboksi au juu ya miti, ningechukua Delica. Kile kinene kimehamia kwenye sanduku la vifaa, kazi yake sasa ni makopo ya rangi. Mzee wa Ala, hicho hakina ncha ya kuonea huruma.

DadaBustani
Pete umezungusha?

Mchongavijiti
Boksi la tatu ndipo nilipokumbuka.