Namlea kijana aliyeokoka juzi juzi, tumekwama Kutoka 25

mpiga_besi:
Bwana asifiwe wapendwa. Naombeni ushauri maana nahisi naharibu. Miezi miwili iliyopita kijana mmoja wa bodaboda aliokoka pale kanisani kwetu, mchungaji akanikabidhi mimi nimlee, na mi kusema ukweli sijawahi kumlea mtu, najua kupiga besi tu. Nikampa Biblia nikamwambia tuanze Mwanzo, sura tatu kila siku, nilipiga hesabu sura zote 1,189 kwa spidi hiyo unamaliza kwa mwaka na mwezi hivi. Mwanzo ikaenda fresh, habari za Yusufu alizipenda mno, akawa anawasimulia wenzake kijiweni. Afu tukafika Kutoka 25, vipimo vya sanduku na mapazia, dah. Nikimtumia meseji "leo umesoma?" anajibu "nimesoma kaka", nikimuuliza umeona nini humo anasema "Mungu ni mwema". Wiki hii hajibu kabisa, naona tiki za bluu tu. Jumapili anakaa nyuma na sala ya mwisho ikianza ameshawasha pikipiki. Nimrudishe kwa mchungaji au nifanyeje?

mama_wa_seli:
Hahaha pole kaka, huyo hajamkimbia Yesu, kakimbia singa za mbuzi, yale manyoya ya mapazia. Kuanzia 25 mpaka 31 ni maelekezo ya hema la kuabudia, afu 35 mpaka 40 yanarudiwa wanapolijenga, ukitoka hapo unaingia Walawi sura 27, hata wazee wa kanisa wengi wanapapita wamefumba macho. Mpeleke Marko. Sura 16 tu, mambo yanakimbia, kila saa "mara" hiki "mara" kile, dereva ataelewa huo mwendo. Na usimpe kazi ya nyumbani jamani, kaeni pamoja msome. Sisi kwenye seli yetu, kikundi chetu kidogo cha kanisa, tunasoma kipande kimoja mara mbili, afu kila mtu anasema nini kimemshangaza na nini hajaelewa, basi. Asiyeelewa ndo tunampa chai kwanza.

Mwl_wa_zamani:
Naongezea suala la lugha. Biblia wengi tuliyonayo ni tafsiri ya Union Version ya 1952, Kiswahili chake kitamu ila kijana wa leo kinampiga chenga. Niliwahi kuwasomesha vijana wa kipaimara Matendo 8, pale towashi wa Kushi "anasoma chuo cha nabii Isaya", mmoja akaniuliza mwalimu hicho chuo kiko wapi na Isaya alikuwa mkuu wa chuo? Hakuwa anatania. Chuo hapo ni kitabu. Na taa "chini ya pishi" wanadhani ni jikoni watu wanapika, kumbe pishi ni kile kipimo cha nafaka, vibaba vinne. Mtafutie Biblia ya Habari Njema, ile tafsiri ya Kiswahili chepesi, afu ya zamani aizoee taratibu. Halafu angalia hapo hapo Filipo, aliyemkuta huyo towashi njiani, alifanya nini, hakumwachia mtu sura tatu akaondoka, alipanda garini akakaa naye.

shemasi_msumbufu:
Mi nitapingana kidogo. Tukizoea kuwarusha Agano la Kale tunalea watu wa mistari mitano. Hata huyo Marko mnayemsifia, mstari wa pili tu ameshamtaja Isaya, sasa utamweleza vipi kama Isaya hamjui? Marko sawa, lakini asiambiwe kule nyuma ni kwa ajili ya wachungaji.

fundi_cherehani:
Kaka mpiga besi nikuulize kitu, usichukie. Umeshawahi kumsikia huyo kijana anasoma KWA SAUTI?
Nauliza kwa sababu mimi nilimlea baba mmoja mtu mzima, kila tukikutana kasahau miwani. Leo miwani iko nyumbani, kesho imevunjika, kesho kutwa macho yanauma, nikawa namsomea tu. Ilinichukua miezi kugundua kwamba kusoma kwenyewe hajui, na alikuwa anaona aibu kuniambia mimi mdogo wake. Huyo wako alimpenda Yusufu, je alimsoma au ulimsimulia wewe?

mpiga_besi:
Duh. Nilimsimulia. Tulikuwa tunakaa kijiweni kwake jioni abiria wakipungua, namhadithia afu namwambia "kasome mwenyewe ukifika nyumbani".

mama_wa_seli:
Basi na yeye akawahadithia wenzake. Kaka hiyo ndo 2 Timotheo 2:2, Paulo kwa Timotheo, Timotheo kwa watu waaminifu, hao kwa wengine, we unatafuta nini tena. Rudi kijiweni.

mpiga_besi:
Wapendwa narudi na mrejesho, wiki tatu zimepita. Nilimfuata kijiweni sikwenda na Biblia, nilienda na mihogo. Tukala, nikamwomba msamaha kwa zile meseji za "umesoma?", akacheka, akaniambia kaka mi niliishia darasa la tano, herufi nazijua ila zikiwa ndogo na nyingi vile zinanichanganya, nikikwambia sijasoma utaniona sijaokoka vizuri. Aisee niliona aibu mimi. Tukaingiza Biblia ya sauti kwenye simu yake, nikamwekea Marko, anasikiliza akisubiri abiria na jioni tunaongea. Kile cha bahari kuchafuka na Yesu kalala kwenye mto alinirudishia chote hadi ule mto wa kulalia, mimi nilikuwa sijawahi kuuona huo mto miaka yote.
Sasa tatizo jipya. Mi nilipanga sura moja moja, jana kaniambia kashafika ya 14, na anataka kujua yule kijana wa mstari wa 51 aliyeacha shuka akakimbia uchi usiku ule ni nani na ilikuwaje akaandikwa. Nimemwambia nitamjibu leo jioni. Shemasi, mwalimu, mnisaidie kabla ya saa kumi na mbili.

shemasi_msumbufu:
Wengi husema ni Marko mwenyewe, ila maandiko hayamtaji. Mwambie hivyo hivyo.