Hedifoni yenye maiki au kibodi? Wenzangu hawajui Kiswahili

Kijana_wa_Tandika: Wakuu, habari za jioni. Nina sh. 70,000 na kesho nashuka Kariakoo. Inatosha kitu kimoja tu, hedifoni yenye maiki au kibodi. Kwenye timu za gemu ya mtandaoni nakutana na watu wanaoongea lugha nisizozijua, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nikiongea wananicheka, nikiandika tunapigwa kabla sijamaliza sentensi. Nichukue kipi?

Mzee_wa_Kibodi: Gemu gani? Seva gani, yaani kompyuta ya wapi inayowaunganisha? Hao wenzako ni watu wa wapi? Umekuja kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" halafu ananyamaza. Ila chukua kibodi. Maandishi unayanakili unayatafsiri, sauti ikishapita imepita.

DadaLagi: Mzee, risasi zinapita kichwani, muda wa kunakili unautoa wapi? Maiki. Maneno ya vita hayazidi ishirini: rudi, ngoja, kulia, nyuma yako, nimekufa. Mimi ya Kirusi nimeyashika kwa kusikiliza tu. Matusi ndiyo yalitangulia.

Swahiba_wa_Ilala: Hamia seva ya Dubai, ndugu yangu. Mwarabu akisema "aduww" huhitaji kamusi, adui huyo. "Khatar" ni hatari. Akihesabu sitta, sab'a, tis'a, umezijua toka darasa la kwanza.

Mzee_wa_Kibodi: Maadui wenyewe watano. Hiyo sita utaitumia wapi?

Swahiba_wa_Ilala: Tano ni khamsa, ndiyo imo kwenye Alhamisi. Wewe chuo ulikimbia?

Bwana_Pingi: Ngoja niwaambie yaliyonikuta na hiyo tafsiri mnayoisifia. Mwaka juzi niliingia kundi la Waturuki. Mimi naandika Kiswahili, programu inatafsiri, wao wananijibu, mambo safi kabisa. Ikaja mechi ya mashindano madogo, nahodha akauliza Jumamosi nitapatikana muda gani. Nikaandika, "Saa mbili usiku nipo." Programu nayo ikampelekea mbili ileile, usiku. Kwake hiyo ni saa nane zetu, usiku wa manane! Jamaa wa watu akashangaa lakini akakubali, akawabembeleza wapinzani, mechi ikasogezwa. Mimi saa mbili nimeshanunua bando, nimeshamwambia mama watoto asinisemeshe, nimekaa. Kimya. Saa tatu, kimya. Nikawaporomoshea matusi kwa Kiswahili, nikazima, nikalala. Kumbe saa nane usiku watu wanne wako macho Istanbul wananisubiri mimi. Asubuhi nimeshafutwa kwenye kundi, nimeachiwa ujumbe mmoja, nikautafsiri kwa programu ileile: "Huna adabu." Na msiniletee habari za tofauti ya saa. Istanbul na Dar jua letu ni moja, tunapishana kuhesabu tu.

DadaLagi: Ungeandika 20:00.

Bwana_Pingi: Asante. Mwaka juzi ulikuwa wapi?

Chumvi_Nyingi: Kwani lazima kuongea? Gemu ya Apex Legends ilipotoka 2019 ilikuja na kitufe cha kuonyesha. Unaelekeza kwa adui, silaha au njia, mhusika wako anasema mwenyewe. Dota 2 nayo ina gurudumu la maneno, unachagua, kila mtu analisoma neno kwa lugha aliyoweka kwenye mashine yake. Nimecheza miezi bila kufungua mdomo. Nunua mausi nzuri.

Mzee_wa_Kibodi: Alama inaonyesha wapi, haisemi kwa nini.

Kijana_wa_Tandika: Samahani wakuu, nilikuwa kwenye daladala. Ni Dota 2, kwenye laptopu, intaneti naunga ya simu. Seva ni Johannesburg, siku nyingine Dubai.

Chumvi_Nyingi: Si ungesema tangu mwanzo! Gurudumu unalo bure.

Kijana_wa_Tandika: Nalitumia, ila wamelifanya la kejeli. Nikifa tu mtu anabonyeza "umecheza vizuri" mara sita.

Swahiba_wa_Ilala: Umeona sasa matumizi ya sita?

Bwana_Pingi: Intaneti ya simu ndiyo adui wako wa kwanza. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, hata Waswahili kwa Waswahili hatukusikilizana. Sauti ilikuwa inakuja vipande vipande kama redio ya babu.

DadaLagi: Waswahili kwa Waswahili hata nyaya zikiwa nzima ni kazi. Mkenya anakuambia "kuja hapa," unabaki unasubiri amalizie sentensi.

Mombasa_Raha: Mkenya yupi huyo? Sisi wa Mombasa twasema njoo. Hao ni wa Nairobi, msituchanganye.

Mzee_wa_Kibodi: Tandika, sikiliza. Kusanya Waswahili watano, ingieni pamoja, maneno yaishe.

Kijana_wa_Tandika: Nimejaribu. Mmoja umeme unakatika, wawili wana mitihani, wa nne anataka awe nahodha.

Fundi_Kipara: Nina kibodi, imetumika, sh. 25,000, niko Tabata. Herufi J inagoma kidogo.

Kijana_wa_Tandika: Bila J "njoo" nitaandikaje? Hedifoni huna?

Fundi_Kipara: Ipo. Sikio la kushoto linasikika ukishikilia waya.