Naomba ushauri: deki ya CD ya kuunga kwenye amplifaya, bajeti laki tatu (Moshi/Arusha)

Kahawa_Chungu

Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, Soweto. Nina amplifaya ya Yamaha ya zamani na spika za Wharfedale nilizonunua kwa familia iliyokuwa inahama Arusha. Redio inasikika vizuri mno, shida yangu ni CD. Nina makasha mawili: rhumba, taarab, kwaya za zamani, na bongo fleva ya enzi zile mtu unaingia dukani kununua albamu. Nyingi ni orijino, nyingine za kuchoma. Kwa sasa nazipiga kwa laptop na trei yake imeshaanza kugoma.

Nataka deki ya CD peke yake, sio sabufa yenye kila kitu. Bajeti laki tatu, nikijikamua tatu na nusu. Nilizoziona mpaka sasa ni Sony CDP-XE ya mzungu mmoja Njiro anayeondoka nchini, anataka laki na nusu. Halafu kuna Denon ya rangi ya dhahabu pale Kiboriloni, jamaa anasema ni mtumba wa Japani, laki mbili na themanini. Nzito hiyo, nusura nimwachie hela palepale. Pia nimesikia Yamaha CD-S303 mpya inasifiwa, ila bei yake hapa kwetu siijui.

Kati ya hizo mngechukua ipi? Sina haja ya mbwembwe, nataka isiyonisumbua.

Chalii_wa_Ngarenaro

Mkuu, deki ya CD zama hizi? Hamishia nyimbo kwenye fleshi, nunua sabufa, chenji inayobaki tukale nyama choma.

MamaSamweli_UsaRiver

Chalii mwache kaka wa watu, hajauliza sabufa. CD orijino inapita biti 1,411,000 kwa sekunde, hizo MP3 zako za mtaani nyingi ni 128,000. Kwenye spika za Wharfedale hiyo tofauti inasikika hata na asiye mtaalamu.

Kahawa_Chungu, swali moja kabla watu hawajamwaga utaalamu: ile Denon nyuma imeandikwa volti ngapi?

Kahawa_Chungu

Dada sikuangalia. Muuzaji aliiwasha mbele yangu, ikapiga vizuri tu. Kesho napita Mbuyuni, nitafika mpaka pale.

Fundi_Sakina

Mama Samweli kauliza swali ambalo lingepaswa kuja kabla ya bei. Vifaa vya soko la ndani la Japani ni volti 100. Umeme wetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja, siku ya bahati fyuzi inakatika na mengine yanapona. Siku mbaya transfoma ya ndani inaungua, na ile hauikuti dukani, unabaki kuvizia deki mbovu ya aina hiyo hiyo uing'oe yake. Kwa hiyo kama jamaa aliiwasha na ikapiga, basi ama ina swichi ya kuchagua volti, ama chini ya meza kuna transfoma ya kushushia ambayo hakukuonyesha.

Sasa nizungumzie lenzi (yaani kichwa kizima chenye leza kinachosoma CD), maana ndiyo inayoua hizi deki. Lenzi ya CD inatoa mwale wa leza wa nanomita 780, jicho halioni (na ndiyo maana nawaambia vijana wasichungulie ndani deki ikiwa imefunguliwa, hutaona kitu lakini jicho litakuwa limeshaumia). Ile leza inachoka kadiri inavyotumika. Deki yoyote ya mtumba, iwe ya milioni tano ilipokuwa mpya, ina lenzi yenye umri usioujua. Kwa hiyo mimi swali langu la kwanza huwa: lenzi yake inapatikana?

Hapo Sony inashinda. CDP-XE nyingi zinatumia lenzi za familia ya KSS-213, na hizo zinatengenezwa China mpaka leo kwa sababu ziliingia kwenye redio na deki za kila aina. Kuagiza ni rahisi, bei haitishi, na kazi yenyewe ya kufunga ni ndogo. Ila mwambie fundi wako jambo hili: lenzi mpya huja na tone dogo la risasi ya kulehemu lililounganisha nukta mbili kwenye bodi yake, ni kinga ya umeme tuli wakati wa usafiri. Ukishafunga lazima litolewe. Nimeletewa deki ambazo mteja ameambiwa "lenzi ni feki", kumbe tone bado lipo.

Na kuna mafundi wakikuta lenzi imechoka wanazungusha kile kiskrubu kidogo pembeni yake kuiongezea nguvu. Inasoma vizuri kwelikweli, muda mfupi, kisha inakufa moja kwa moja. Ukiuziwa deki ya hivyo huwezi kujua kwa macho.

Rombo_Juu

Niko na Fundi. Sony.

Mzee_wa_Santuri

Vijana hamjambo. Mimi nimeanza na santuri, nikaja kaseti, CD zilipotoka nilizibeza. Mashine ya kwanza kuuzwa ilikuwa Sony CDP-101, Japani, Oktoba 1982, na huku kwetu zilichelewa sana kufika.

Fundi anasema kweli kuhusu lenzi lakini anaongea kama muuza vipuri. Kuna suala la sauti na la kazi ya mikono. Zile Denon za dhahabu zina transfoma kubwa, trei isiyotikisika, na hatua ya mwisho ya analogi iliyotengenezwa na mtu aliyekuwa anapenda muziki. CDP-XE ni plastiki, utaibeba kwa kidole. Kijana akiwa na transfoma sahihi ya kushushia, Denon itampa raha ambayo Sony haina.

Nami nina Philips ya miaka ya themanini yenye mkono wa kubembea unaobeba lenzi, na chipu ya TDA1541 inayogeuza dijitali kuwa sauti. Inapiga mpaka leo.

Fundi_Sakina

Shikamoo mzee wangu. Ile Philips yako naiheshimu, na ikifa lenzi utanitafuta nami nitakupa pole, kwa sababu zile za mkono wa kubembea hazitengenezwi tena. Kijana kasema anataka isiyomsumbua.

Mzee_wa_Santuri

Marahaba. Haijafa.

Namanga_Mzigo

Kuhusu mpya: Yamaha CD-S303 Uingereza inacheza kwenye pauni 300 hivi. Hapo ni karibu milioni moja kabla hujaweka usafiri na ushuru. Marantz CD6007 iko juu zaidi ya hapo. Nairobi zipo ila ukivusha pale mpakani kihalali hesabu inafanana. Kwa laki tatu sahau mpya, labda vile vidude vya kubebeka visivyo na jina ambavyo sikushauri uunge kwenye Wharfedale.

Kahawa_Chungu

Nimerudi kutoka Kiboriloni. Nyuma imeandikwa AC 100V 50/60Hz. Hakuna swichi yoyote. Jamaa alikuwa na transfoma chini ya kaunta kama Fundi alivyosema, tena kavuta waya akanionyesha mwenyewe bila wasiwasi, "hii nakuongezea kwa elfu thelathini". Imeandikwa 220V kwenda 110V. Inafaa?

Na hiyo 50/60Hz haitaharibu mwendo wa CD?

Fundi_Sakina

Hezi usihangaike nazo. Mwendo wa CD unasimamiwa na kioo cha kwatzi, haujali umeme ni wa hezi 50 au 60. Wenye kuogopa hilo ni watu wa santuri, maana baadhi ya mota zao zinafuata hezi za ukutani.

Transfoma hiyo ndiyo tatizo. Inagawa umeme kwa mbili. Ukutani ukiwa na 230 inatoa 115, na usiku wa manane umeme unapopanda inatoa zaidi. Deki ya 100 inakula asilimia 15 juu ya kipimo chake kila siku. Haitalipuka, itachemka, na joto ndilo linalomaliza kapasita. Unatakiwa utafute ya kushusha 230 hadi 100 hasa. Haihitaji kuwa kubwa, deki ya CD inakula wati chache, ya VA 50 au 100 (VA ndiyo kipimo cha uwezo wa transfoma) inatosha kabisa. Shida ni kuipata, madukani wamejaza za 110.

MamaSamweli_UsaRiver

Niongeze njia ambayo hamjaitaja. Mimi natumia deki ya DVD ya kawaida. Elfu hamsini, mtumba. Nyuma yake ina tundu moja la rangi ya chungwa, ile ni dijitali. Natoa waya hapo naingiza kwenye kisanduku kidogo cha kubadili dijitali kuwa analogi, FiiO D03K, kisha nyekundu na nyeupe kwenda kwenye amplifaya. Kwa hiyo kazi ya sauti haifanywi na DVD, inafanywa na kisanduku. DVD ikifa natupa, nanunua nyingine. Wageni wakija hakuna anayeisifia kwa sura, lakini inapiga.

Na faida nyingine, zile CD za kuchoma zenye nyimbo mia na hamsini za MP3 inazisoma. Deki za CD za zamani hazisomi hizo hata kidogo, zinazunguka tu kisha zinanyamaza.

Kahawa_Chungu

Dada hapo umenishtua. Nitajuaje kama yangu ya kuchoma ni MP3?

MamaSamweli_UsaRiver

Iweke kwenye laptop. Ukiona mafaili yenye jina la mp3, ni hiyo. Ukiona nyimbo kumi na kitu zimeandikwa Track 01, Track 02, hiyo ni CD ya kawaida na deki yoyote nzuri itaipiga. Kwa hesabu ya haraka pia: CD ya kawaida ni kama dakika 74 mpaka 80. Ikizidi hapo, ni MP3. Na zile zilizobandikwa karatasi ya picha juu, ibanduke au isibanduke ni balaa, inazunguka ikiyumba.

Chalii_wa_Ngarenaro

Kumbe mambo yana undani hivi. Mimi nilidhani CD ni CD. Swali langu: bro wangu ana deki ya CD kwenye amplifaya, sauti inakwaruza na besi inavimba kama imefungiwa kwenye pipa. Lenzi?

Fundi_Sakina

Kaiunga tundu gani nyuma ya amplifaya?

Chalii_wa_Ngarenaro

Limeandikwa Phono.

Mzee_wa_Santuri

Haha. Hilo ni la santuri. Linaongeza nguvu ya sauti ndogo mno na kuipandisha besi kwa makusudi. CD inatoa kama volti 2, inafika pale imeshashiba. Ahamishie kwenye CD, Aux, Tuner au Tape, yote ni sawa.

Chalii_wa_Ngarenaro

Amehamisha. Anasema mmemwokolea hela ya fundi. Samahani Fundi.

Fundi_Sakina

Hela yenyewe ningeikataa, hahaha.

Kahawa_Chungu, ukienda Njiro beba CD zako mwenyewe, usikubali ya mwenye nyumba maana ile anajua inapiga. Chukua moja orijino ndefu, inayokaribia dakika 70, na moja ya kuchoma. Fungua na kufunga trei mara kadhaa: ikisita au ikihitaji kusaidiwa na kidole ni mkanda wa mpira umelegea, hilo ni dogo, tumia kushushia bei. Weka CD, angalia inachukua muda gani kuonyesha idadi ya nyimbo. Sekunde chache ni sawa, ikihangaika na kujaribu tena na tena, lenzi imechoka au imejaa vumbi. Kisha ruka moja kwa moja hadi wimbo wa mwisho. CD inasomwa kutoka ndani kwenda nje, na huko pembeni ndiko sahani inakoyumba zaidi, deki iliyochoka inaanza kurukaruka huko kwanza. Iache ipige mpaka mwisho. Kunywa chai ya mwenye nyumba, usiwe na haraka, kuna zinazokubali zikiwa za baridi na kugoma zikipata joto.

Uliza pia remoti. Kuna Sony ambazo baadhi ya vitufe vya maana viko kwenye remoti tu.

Ukishaichukua, ilinde na kukatika kwa umeme. Umeme ukirudi kwa kishindo deki iwe imechomolewa, au ipitie kwenye kile kinga cha friji chenye kusubiri dakika kadhaa. Na vumbi la kiangazi, ifunike kitambaa ikiwa imezimwa. Lenzi ikichafuka ni pamba laini na spiriti safi aina ya isopropili, kidogo sana, bila kukandamiza. Usitumie thina. Ile lenzi ni plastiki, itakuwa nyeupe kama jicho la samaki wa kuchemsha.

Mzee_wa_Santuri

Hapo kwenye kuijaribu Fundi amemaliza yote. Ila bado nasema Denon.

Kahawa_Chungu

Wakuu, nimetoka Njiro. Trei ilisita kidogo, mwenyewe akapunguza mpaka laki na ishirini. Rhumba yangu ya dakika 71 imepiga mpaka sekunde ya mwisho bila kuruka. Remoti ipo, na kitabu chake. Nyuma imeandikwa 230V. Nimeichukua. Kwaya za kuchoma, nyingi kumbe ni MP3, hizo nitamfuata Mama Samweli na deki ya DVD, maana chenji imebaki. Fundi, mkanda wa trei nitakuletea Sakina wikiendi.

Fundi_Sakina

Njoo nayo, usiufungue mwenyewe.

Rombo_Juu

Samahani kwa kuingilia. Yule wa Denon yuko upande gani wa Kiboriloni? Mimi transfoma ya 100 ninayo.