Tupeane uzoefu: ramani ya ploti yenu (jengo la nyumba za kupanga) imewaleta majirani pamoja au imewatenga?

Mwanzisha mada, Nakuru: Wenzangu, tangu mji wetu upewe hadhi ya jiji Desemba 2021, gumzo limekuwa barabara na maghorofa, ilhali ni wachache wanaouliza mpangaji atakutana wapi na jirani yake. Elezeni mliyoyaishi, si mliyoyasikia.

Mzaliwa wa Kaloleni, Nakuru: Tulikulia katika safu za nyumba zinazotazamana, bomba na kamba za nguo zikiwa katikati, hivyo mvua ikianza, aliyekuwapo alianua nguo za wote na kumwekea kila mtu zake mlangoni. Sasa nimepanga bedsita, yaani chumba kimoja cha kulala na kupikia, ghorofani huko Kaptembwo, hapa hapa Nakuru: korido ni nyembamba na ina giza mchana kutwa, dirisha langu linatazama ukuta wa ploti ya pili, na paa ambako tungeanika limetiwa kufuli. Mama wa mlango wa pili tunamwita B7, namba ya mlango wake. Alipojifungua, habari nilizipata kwa mlinzi wa geti. Simlaumu, wala sijilaumu, kwani hakuna mahali watu wawili wanaweza kusimama kuzungumza bila kumzuia wa tatu kupita. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inamtaka mjenzi apate kibali cha kaunti, na kwa maoni yangu hapo ndipo angeulizwa ua uko wapi.

Mpangaji wa Manyatta, Kisumu: Msiyasifu mno mambo ya kuchangia. Choo kimoja cha familia nyingi kimetugombanisha kuliko siasa, hasa zamu ya kuosha inapofika.

Mwalimu, Nakuru: Ndiyo maana tutenganishe mambo: choo kiwe cha mtu na nyumba yake, ua uwe wa wote. Sisi wenye payslipi tunakatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, basi tuna haki ya kudai kwamba michoro yake ioneshe pa watoto kuchezea, si idadi ya vyumba pekee.

Mpangaji wa Nyalenda, Kisumu: Kwetu landilodi aliweka mita zote za stima chini ya ngazi, akajenga hapo kibaraza cha saruji, nadhani kwa kubana gharama tu. Tokeni zikiisha usiku, mtu hushuka na tochi ya simu, humkuta mwenzake akibonyeza namba, na chama chetu cha akiba kilianzia kwenye kibaraza hicho.