Mnaotunga vilugha vyenu vya programu, kosa bila namba ya mstari ni matusi

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimepoteza siku nzima kutafuta alama moja ya nukuu.

Kazini kuna mtu alijitungia kilugha cha kuandikia kanuni za hesabu. Mwenyewe alishaondoka, kilugha kikabaki, na faili langu lina mistari 1,400. Naliendesha, najibiwa: "Kosa: tokeni isiyotarajiwa." Basi. Tokeni gani, yaani kipande gani cha maandishi? Mstari upi? Kimya. Ikabidi niwe nafuta nusu ya faili, naendesha, narudisha, nafuta nusu nyingine, mpaka nikaikuta: nukuu ya mstari wa 212 ilifunguliwa, haikufungwa.

Nikaingia kwenye kodi ya leksa, ile sehemu inayokata maandishi kuwa tokeni, hasira zikapanda upya. Kila tokeni inabeba vitu viwili tu, aina na maandishi. Ilikotoka haijulikani! Sasa pasa, ile inayopokea tokeni na kuzijenga kuwa mti wa programu, ikikwama itakwambia nini? Ni vinamba viwili jamani, mstari na safu. Ukikuta herufi ya mstari mpya unaongeza moja, safu unaianza upya. Usipoviweka siku ya kwanza, kuja kuvipachika baadaye ni kugusa pasa nzima na kila nodi ya mti. Na nukuu isiyofungwa ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu leksa inaimeza mpaka itakapokutana na nukuu nyingine huko chini, halafu inalalamikia mahali pasipo na kosa. Kumbuka ilipofunguliwa, umtajie mtu.

Halafu majina. Nikikosea herufi moja kwenye jina la kigeu, kinahesabiwa sifuri na kazi inaendelea. Najua mtasema hata lugha ya Lua ukisoma jina lisilokuwepo inakupa nil, yaani hakuna kitu. Sawa, lakini jaribu kuijumlisha hiyo nil na namba uone: Lua inagoma, na mstari inautaja. Hiki changu kinakupa jibu la uongo huku kinatabasamu.

Msinijie na "kilikuwa kilugha kidogo cha watu wachache". Stuart Feldman alipotengeneza Make, zana ya kujengea programu kwa kufuata faili la amri, mwaka 1976 alilazimisha mistari ya amri ianze na tabu. Baadaye aliona haifai, ila alishakuwa na watumiaji kama kumi na wawili, akaona asiwavurugie. Kumi na wawili! Mpaka leo watu wanahangaika na tabu ambayo kwa macho huitofautishi na nafasi.

Mafunzo nayo yana lawama. Yanakufikisha kwenye 1 + 2 * 3, jibu linatoka 7, hongera, umetunga lugha. Ukiandika 1 + * 3 je? Sura hiyo haipo.

Kesho naanza kuipasua leksa ile. Aliyewahi kupachika namba za mistari kwenye pasa iliyozaliwa bila nazo aniambie alianzia wapi. Anayekuja kusema "andika upya yote kwa lugha ya Rust" apite kimya.