Yule jamaa wa kurusha matukio mubashara hapa Moshi: bibi yetu anashushwa kaburini, yeye anaulizia nyama!

Wakuu,

Jana tumemzika bibi yetu Marangu. Saa hizi nilitakiwa niwe nimekaa na ndugu zangu tunapiga hesabu za msiba, lakini siwezi kukaa. Mtu akinipima presha sasa hivi mashine inapasuka.

Jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kama umewahi kwenda kipaimara, sendofu au msiba wowote kuanzia Himo mpaka Boma Ng'ombe, ameshakukanyaga mguu akirudi kinyumenyume na kamera. Yule yule wa kizibao chenye mifuko arobaini, na hata mmoja hauna betri ya akiba.

Huyu mtu anaulizia nyama. Bibi anashushwa kaburini, yeye anaulizia nyama!

Tulimchukua kwa sababu ya shangazi. Shangazi ni kitinda mimba wa bibi, yuko Texas, na karatasi zake bado zinahangaikiwa na wakili. Akitoka kule, kurudi ni majaliwa. Ukoo ukakaa, tukasema pesa itafutwe, mazishi yarushwe, naye amzike mama yake hata kwa macho. Laki sita tukamkabidhi. Nusu ya kwanza ya kushika tarehe, nusu ya pili asubuhi ya mazishi, maana alikataa kushuka kwenye gari kabla haijaingia kwenye simu yake. Alituapia kamera mbili na sauti safi, aliye mwezini atasikia. Akaja na kamera moja na kijana mmoja aliyevaa yeboyebo.

Kanisani picha hakuna, kiduara kinazunguka tu. Tukavumilia. Wasifu wa marehemu unasomwa, picha imeganda kwenye kofia ya mjomba. Tukavumilia. Tukafika kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kwenye lile kaburi chini ya migomba. Kwetu saa nane mchana, kwa shangazi saa kumi na mbili asubuhi. Kavaa kitenge cha msiba sebuleni kwake, Watanzania wenzake wamemzunguka, wengine wametoka kazini usiku wakapitiliza kwake.

Mchungaji ameshika udongo. Watu kimya, hata mbuzi zizini wamenyamaza. "Udongo kwa udongo, majivu kwa majivu, mavumbi kwa mavumbi." Sisi pale tunasikia vizuri kwenye spika. Mimi moyoni nasema afadhali, shangazi naye anasikia. Simu ikatetemeka mfukoni. Natoa, ujumbe wa binamu yangu kutoka Texas: "Nani huyo anaulizia nyama?"

Wakuu! Kumbe inayokwenda Marekani si sauti ya mchungaji. Ni sauti ya jamaa mwenyewe akimwambia kijana wake, "Oya, nyama bado ipo au watu wa jikoni wameshamaliza? Kaniwekee, usilete ndizi tupu." Mchungaji anasikika kwa mbali kama redio ya jirani. Nyama ndiyo iliyo karibu, nyama ndiyo iliyonyooka, nyama haikugandaganda hata mara moja! Siku nzima mtandao unasumbua, lakini lilipofika neno nyama mtandao ukakaa sawasawa.

Hiyo ndiyo sauti aliyosikia shangazi mama yake akiingia ardhini. Hakusikia sala. Hakusikia wimbo. Nyama bado ipo. Tangu jana hapokei simu.

Nimemfuata baada ya ibada, nimemwambia kwa heshima kwa sababu ya wazee. Anajibu, "Bosi, hiyo ni hitilafu ya mtandao." Mtandao! Mtandao ndio unaotaka kuwekewa nyama? Mtandao ndio haupendi ndizi tupu? Na alikula, wakuu. Sahani mbili zilizojaa, huku namba yake ya simu inapita juu ya picha ya jeneza, "Karibuni kwa harusi, sendofu na matukio yote."

Asiguse tena msiba wa mtu. Hilo tu.

---

Kijana wa Pasua: Pole kwa msiba mkuu. Swali moja tu: nyama ilikuwepo?

Mleta mada: Wewe usinichezee. Bibi yangu hana hata siku mbili ardhini.

Himo Kwetu: Namjuaaa! Kipaimara cha mwanangu alirusha yeye. Askofu anamwekea mtoto mikono, kamera iko kwenye keki. Keki tumeiona pande zote nne mpaka maandishi ya chini ya boksi. Mtoto hatukumwona. Namuuliza, anasema pale aliposimama askofu mwanga ulikuwa mbaya. Mwanga wa kanisa nao tuuombe radhi.

Mkazi wa Njiro: Nyie wa Moshi mnadekezwa. Njooni Arusha. Sendofu ya mdogo wangu walirusha ndege nyuki NDANI ya ukumbi. Mishumaa yote ikazimika, na wigi la mama mkwe likapaa likatua kwenye meza ya upande wa bwana harusi. Tena mubashara, ndugu wa Mwanza na Oman wote wameona. Ndoa ipo lakini mama mkwe hatusemeshi mpaka leo.

Kijana wa Pasua: Ndege nyuki mpaka uwe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Lile wigi lilikuwa nacho?

Fundi Sauti: Mimi kazi hii ninaifanya, na simtetei. Sauti ya ibada haichukuliwi na maiki ya juu ya kamera. Unaongea na mwenye spika, unavuta waya kutoka kwenye mikisa yake, ile mashine ya kuchanganya sauti, unaingiza kwako, anachosema mchungaji ndicho kinachokwenda. Maiki ya kamera inaokota aliye karibu, na aliye karibu siku zote ni mpiga picha. Kwa bei ya chipsi kuku unapata waya huo. Kuhusu kuganda, picha ya ubora wa 720p inataka kasi ya kupandisha kama megabiti 4 kwa sekunde, karibu GB 1.8 kwa saa. Msibani watu mia wako kwenye mnara mmoja na kila mtu anatuma picha WhatsApp. Laini moja haitoshi, unabeba za mitandao tofauti, na unakwenda siku moja kabla, saa ile ile, unapima. Alikuja kupima?

Mleta mada: Alikuja jeneza limeshatangulia kanisani! Alichopima ni harufu ya jikoni. Asante sana mkuu, kumbe ni waya tu! Waya wa bei ya chipsi ndio umemnyima shangazi sala ya mama yake! Laki sita, waya hakuna, nyama ipo!

Mzee wa Soweto: Nyie ndio mnawalea hawa. Laki sita unatoa hujauliza ana vifaa gani? Ukienda Mbuyuni kununua parachichi unalibonyeza lote mpaka lilainike mkononi, kamera unalipa kwa kuapiwa. Halafu unakuja kutulilia sisi.

Mleta mada: Mzee, tulikuwa na mwili hospitali ya KCMC, tunatafuta turubai, tunatafuta viti, wageni wanashuka stendi. Nani alikuwa na nafasi ya kubonyeza kamera?

Binti Mwika: Dada yenu naomba kuuliza, video bado ipo kwenye ukurasa wake? Kama ni Facebook, tangu Februari 2025 video mpya za mubashara zinafutwa zenyewe baada ya siku 30. Vumilieni.

Mleta mada: Siku THELATHINI? Siku thelathini watu wasikilize nyama juu ya kaburi la bibi yangu? Nimempigia aitoe, anasema inamletea wateja, watazamaji wameongezeka.

Himo Kwetu: Wameongezeka kwa sababu yako mkuu. Mimi nimeitafuta nikaitazama. Dakika ya kaburi nimerudia. Kweli anaitaka nyama kwa uchungu.

Binti Mwika: Mkuu usimsikilize huyo. Kabla haijafutwa ipakue uitunze. Hapo kwenye kaburi mtazima sauti, lakini sura za watu zimo, na wimbo wa kwaya mwanzoni umo. Shangazi akitulia ataitaka. Sisi ya babu iliachwa ikafutwa, mpaka leo mama anaiulizia.

Mtu wa Sakina: Nauliza tu, huyo ana leseni ya TCRA, wale wa Mamlaka ya Mawasiliano? Kanuni za maudhui ya mtandaoni zipo tangu 2018.

Mzee wa Soweto: Leseni ya kumzika bibi? Acha kuleta siasa kwenye msiba wa watu.

Mtu wa Sakina: Sijaleta siasa, nimeuliza. Na wewe ndiye uliyetukana watu wa parachichi.

Mama Chekechea: Jamani afadhali nyie mmeona hata jeneza. Harusi yangu ilifanyika Arusha, mpiga picha alilipwa yote, albamu mpaka leo. Nilikuwa na mimba nikimdai. Mtoto amezaliwa, ametembea, mwaka huu ameanza chekechea. Nikipiga simu anauliza, "Albamu ipi hiyo?"

Mkazi wa Njiro: Anakaa Kijenge huyo? Mrefu, anasema flashi imeliwa na virusi?

Mama Chekechea: HUYO HUYO. Kwako nako ni virusi?

Mkazi wa Njiro: Kwangu alisema virusi, kwa dada yangu alisema panya.

Mleta mada: Wakuu tusitoke kwenye mada. Nyama.

Kijana wa Pasua: Virusi na panya ni wadogo. Tuzungumze ma-MC. Sendofu ya juzi hapa mjini, MC kamwita bibi harusi kwa jina la bibi harusi wa wiki iliyopita. Mara ya kwanza tukacheka. Alivyorudia wakati wa zawadi, baba mzazi akamnyang'anya maiki akaendesha shughuli mwenyewe mpaka saa sita usiku. Na aliendesha vizuri.

Himo Kwetu: MC ana nafuu, unamnyang'anya maiki inaisha. DJ utamnyang'anya nini? Wetu alizima muziki katikati ya keki akasema hajamaliziwa hela, watu wamenyanyua visu hawajui wakate au waondoke.

Binti Mwika: Huyo DJ ni wa Majengo, mwenye spika zenye magurudumu?

Himo Kwetu: Ndiye. Unamjua?

Binti Mwika: Ana jenereta ya kaka yangu tangu Pasaka. Alipo sasa hivi ni wapi?